Kwa nini wenye miraba minne ndio wa kwanza kuondoka kwenye mchujo wa ukomandoo?

#1 Kinyonga_21
Wakuu, salaam.

Nina miaka 21. Nataka jeshi, na si jeshi la kukaa lindo getini, nataka ukomandoo. Huu ni mwezi wa nane niko kwenye mazoezi: pushapu 80 kwa mkupuo mmoja, vyuma siku nne kwa wiki, mbio kilomita 5 kila alfajiri. Juzi nilikaa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, nikavua fulana aone kazi niliyofanya. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kifua hicho ndicho kinachorudi nyumbani siku ya pili. Wanaobaki ni vijiti."

Usingizi uliruka. Naomba kuuliza mawili. Kwanza, kuna ukweli hapo, na kama upo sababu ni nini? Pili, mtu anaingia huko moja kwa moja kutoka uraiani au lazima apitie uaskari wa kawaida?

Waliopita huko karibuni. Waliosomea ukomandoo kwenye runinga wasome kimya kimya.

#2 Komandoo_wa_Kochi
Hujanitaja jina lakini nimejijua. Natandika mkeka hapa mbele, mtu asinikanyage.

#3 Shanta_Nzito
Dogo, mzee hajakudanganya, ila hajamaliza sentensi.

Pushapu ni za kukufikisha mlangoni tu. Angalia SEAL, makomandoo wa jeshi la majini la Marekani. Kwenye kipimo chao cha kuingilia unaogelea yadi 500, yaani kama mita 457, ndani ya dakika 12 na nusu, kisha baadaye unakimbia maili moja na nusu ndani ya dakika 10 na nusu. Pushapu wanazotaka hazifiki hizo 80 zako. Kijana mwenye mazoezi anavuka. Lakini wakishavuka na kozi ikaanza, kati ya watu 10 wanaondoka 7 na zaidi. Sasa jiulize: kama wote walikuwa na nguvu za kutosha kuingia, wanaondolewa na nini?

Mimi nasema MGUU. Mchujo mwingi wa nchi kavu ni kutembea na mzigo. Kule Uingereza SAS, kikosi maalumu cha jeshi lao, wanawapeleka watu kwenye milima ya Brecon Beacons, Wales. Kuna matembezi yanaitwa Fan Dance, kama kilomita 24, unapita juu ya Pen y Fan wenye mita 886, shanta ya kilo 20 hivi mgongoni, bunduki mkononi. Hayo ni ya mwanzo mwanzo. Ya mwisho ni kama kilomita 64 kwa saa 20. Jitu la kilo 105 linapanda na kilo zake 105, halafu ndiyo shanta. Kifua hakipandi mlima, kinapandishwa.

Nimejaribu mchujo wa jeshi langu. Sitasema lipi. Nilitoka siku ya tisa. Jioni ya siku ya nane nilikaa kwenye gogo nikavua buti, soksi ikagoma. Nikaimwagia maji, nikasubiri, nikavuta taratibu. Ikatoka na ngozi ya kisigino kizima, nyeupe, kama ganda la yai lililochemshwa. Asubuhi buti haikuingia. Pushapu nilikuwa napiga 100.

#4 Nyuki_Mkali
Aisee hiyo soksi nimeisikia mpaka kwenye meno.

#5 Mwanamaji_Mstaafu
Namheshimu Shanta_Nzito lakini mguu ni kisingizio. Kinachowaondoa ni BARIDI.

SEAL wana Wiki ya Jehanamu pale Coronado, California. Siku tano na nusu, na usingizi wa wiki nzima ni kama saa 4 jumla. Muda mwingi mtu yuko ndani ya bahari au amelowa na kujaa mchanga. Anayeshindwa anagonga kengele mara tatu, anaweka kofia yake chini, anaondoka. Sasa jitu lililokaushwa mafuta ili misuli ionekane, likikaa kwenye maji baridi linatetemeka kabla ya wengine. Mnene kidogo anadumu.

Na jambo moja nimeliona kwa macho yangu. Kwetu hakukuwa na kengele, mtu alisogea pembeni akavua namba ya kifuani. Watu hawakuvua namba wakati wa kukimbia. Walivua wakati wa KUKAA. Jirani yangu alikuwa anatuacha wote kwenye mbio. Alitoka saa kumi usiku, tumekaa kwenye mstari tumelowa chepechepe, tunasubiri lori. Lori lilikuwa limechelewa tu. Lilipofika, namba yake ilikuwa juu ya jiwe.

#6 Mkaguzi_wa_Mabandiko
Nijibu swali la pili maana naona limesahaulika.

Inategemea jeshi na inategemea kikosi. SAS ya kudumu, ile 22, haichukui raia. Lazima uwe tayari askari. Lakini SAS za akiba, 21 na 23, raia anaweza kuomba. Marekani wana njia za moja kwa moja: SEAL wana mkataba wa kuanzia uraiani, na jeshi la nchi kavu lina mkataba uitwao 18X kwa wanaotaka kujaribu Bereti za Kijani, vikosi maalumu vya jeshi hilo. Delta Force, kikosi chao kingine maalumu, hakuna kutoka uraiani, inachukua walioko kazini.

Sasa sikiliza dogo, hapa ndipo wengi wanaumia. Mkataba wa moja kwa moja unakupa nafasi ya KUJARIBU. Ukianguka huambiwi rudi nyumbani. Umeshatia sahihi, jeshi linakupeleka linapokuhitaji. Unaweza kwenda kutafuta ukomandoo ukamaliza miaka yako ukihesabu mablanketi stoo.

#7 Nyuki_Mkali
Hahaha. Komandoo wa mablanketi.

#8 Bingwa_wa_Historia
Mnasahau neno lenyewe. Komandoo limetoka kwa Makaburu, vile vikosi vyao vya wapanda farasi vilivyowasumbua Waingereza kwenye vita vya 1899 hadi 1902. Waingereza wakalikumbuka mwaka 1940 walipounda vikosi vyao vya kuvamia pwani. Kaburu wa wakati ule alikuwa mkulima mwenye farasi na bunduki, hana kifua cha kuonyesha. Mzee wa dogo yuko sahihi tangu zamani.

#9 Kamanda_Mtandaoni
Mnazunguka sana. Ukomandoo ni AKILI tu. Mwili unaomba kuacha, akili inakataa. Mifano ipo: Wajerumani walipeleka makomandoo wao wa jeshi, GSG 9, Mogadishu 1977, wakaiokoa ndege nzima ya Lufthansa kwa dakika chache. Hiyo ni akili.

#10 Mkaguzi_wa_Mabandiko
GSG 9 si jeshi. Ni polisi. Waliundwa baada ya mauaji ya Olimpiki ya Munich 1972, wakawekwa chini ya walinzi wa mipaka. Jeshi la Ujerumani lina kikosi chake, KSK, kimeundwa 1996. Operesheni ya Mogadishu ni kweli, tarehe 18 Oktoba 1977, na mateka wote waliokuwa ndani walitoka hai. Rubani ndiye aliyekuwa ameuawa na watekaji kabla.

Na hili si kumkosoa tu Kamanda. Dogo anatakiwa ajue kwamba nchi nyingi zina vikosi vya namna hii upande wa polisi pia, na kazi ni tofauti: polisi analala kwake, anaitwa likitokea jambo.

#11 Kamanda_Mtandaoni
Polisi, jeshi, wote wanavaa nyeusi.

#12 Komandoo_wa_Kochi
Hata mafundi wa kuchomelea wanavaa nyeusi mkuu.

#13 Dada_Buti
Mmeandika "kijana" na "jitu" mpaka nimetaka kutoka. Na wanawake je? Wawili walimaliza shule ya Ranger ya jeshi la Marekani mwaka 2015, kwa hiyo makomandoo wanawake wapo.

#14 Mkaguzi_wa_Mabandiko
Dada, wapo, ila mfano huo una kona. Shule ya Ranger ni kozi ya uongozi ya kama miezi miwili. Wanawake wa kwanza waliihitimu Agosti 2015, na ni kozi ngumu kweli. Ila Kikosi cha 75 cha Ranger ni kitu kingine, kina mchujo wake wa wiki nane. Mtu anaweza kuvaa beji ya shule na asiwe wa kikosi. Mfano wako bora ni Norway: 2014 waliunda Jegertroppen, kikundi cha makomandoo wanawake watupu, kwa sababu walikuwa wanahitaji watu wa kuzungumza na wanawake kwenye maeneo ambayo askari mwanamume hawezi kuwakaribia. Uingereza ilifungua nafasi zote, za makomandoo zikiwemo, mwaka 2018.

#15 Dada_Buti
Asante. Kona nimeipokea. Na nasisitiza hoja: kama kazi ilihitaji mtu wa kuzungumza, basi mnaobishana mguu na baridi mnabishana kuhusu mlango, nyumba hamjaingia.

#16 Mzee_wa_Lindo
Huyu dada ametia kidole penyewe.

Nilikuwa mkufunzi miaka sita. Niwape sababu yangu nami: KUTOJUA. Mpe mtu kilomita 20 akijua ni 20, atafika hata akitambaa. Mwambie "anza kutembea" basi, usimwambie ni ngapi. Kwenye kilomita ya 12 anaanza kuhesabu kichwani, ya 15 anakasirika, ya 18 anakaa chini. Bereti za Kijani wanafanya hivyo kwenye mchujo wao pale Camp Mackall, wiki tatu hivi: unatembea usijue umbali, na mkufunzi hakusifii wala hakutukani. Anaandika tu kwenye kijitabu. SAS nao ni hivyo hivyo. Vijana waliolelewa kwenye makelele ya depo wanachanganyikiwa, kwa sababu kelele ya afande ni taarifa: ukifokewa unajua ulipo. Ukimya hausemi kitu.

Sasa rudini kwa mwenye miraba minne. Yeye miaka yote amezoea kujua. Leo kilo 80, kesho 85, kioo kinamjibu hapo hapo. Mpeleke mahali ambapo hakuna kioo.

#17 Shanta_Nzito
Mzee wa Lindo shikamoo. Hiyo ya kioo imenigusa. Ila kisigino changu hakikuwa na kioo, kilikuwa na nyama.

#18 Mwanamaji_Mstaafu
Na wale waliovua namba wakisubiri lori walikuwa hawajui lori litafika saa ngapi. Kwa hiyo mzee ananiunga mkono.

#19 Mzee_wa_Lindo
Marahaba Shanta. Mwanamaji, sikuungi mkono. Unajiunga mwenyewe.

#20 Msomi_wa_Maabara
Niongeze upande wa damu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya askari waliokuwa kwenye kozi ya kujifunza kuishi ukiwa mateka, mahojiano ya kutisha na njaa juu yake. Walikuta askari wa vikosi maalumu wana kiwango kikubwa zaidi cha kemikali iitwayo nyuropeptidi Y kuliko askari wa kawaida wakati wa msongo. Kwa hiyo huenda kuna watu mwili wao unatulia haraka baada ya msongo, kifua kipana au chembamba.

#21 Nyuki_Mkali
Inauzwa wapi?

#22 Msomi_wa_Maabara
Haiuzwi. Na kipimo kile hakisemi kama walizaliwa nayo au kazi ndiyo iliyowapa.

#23 Papa_wa_Bwawa
Dogo achana na damu. Kama unataka upande wa maji, ingia bwawani peke yako asubuhi hakuna mtu, zama, shika pumzi mpaka uone giza, toka, rudia. Miezi mitatu unakuwa samaki.

#24 Nesi_wa_Kambi
Kinyonga, USIFANYE hicho alichoandika namba 23. Usikifanye hata mara moja.

Anayeshika pumzi ndani ya maji haoni giza halafu akatoka. Anazimika. Hasikii dalili, hasa kama alihema haraka haraka kabla ya kuzama. Akizimika peke yake anakufa kimya kimya kwenye maji ya kifuani. Makomandoo wenyewe wanafanya zoezi hilo wakufunzi wakiwaangalia jicho kwa jicho.

Na mengine mawili niliyoyapokea kambini. Misuli ikisulubiwa kupita kiasi inapasuka na kumwaga takataka kwenye damu, figo zinazidiwa. Ukiona mkojo wa kahawia iliyokolea baada ya zoezi, hospitali, si kesho. La pili, maji. Watu wanaogopa kiu wanakunywa lita kwa lita bila chumvi, chumvi ya mwili inazimuliwa, ubongo unavimba. Nimempokea kijana anayecheka ovyo na kutapika, wenzake wanadhani ana kiu, wanamshikia chupa anywe zaidi.

Hii si hadithi. Julai 2013 askari watatu wa akiba walipoteza maisha kutokana na matembezi ya mchujo wa SAS kwenye milima ile ile ya namba 3, siku ya joto kali. Februari 2022 kijana mmoja alimaliza Wiki ya Jehanamu nzima, akafa saa chache baadaye kwa nimonia. Alimaliza. Mnabishana nani anatoka mapema kana kwamba kutoka ni aibu.

#25 Papa_wa_Bwawa
Nimefuta ushauri wangu, sema kitufe cha kuhariri sikioni. Samahani dogo.

#26 Kamanda_Mtandaoni
Kama mchujo ni mgumu dogo aende tu Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Wanachukua mtu yeyote, ukitoka huko wewe ni komandoo.

#27 Mkaguzi_wa_Mabandiko
Kamanda leo umeamua nisile. Si mtu yeyote: miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu, wanawake hawachukui, na wanakataa watu wengi. Mkataba wa kwanza ni miaka 5. Na wengi wao ni askari wa miguu wa kawaida, si makomandoo. Kikosi chao cha miamvuli kilichoko Calvi, Corsica, ndicho chenye kikundi kidogo cha makomandoo, na huko nako kuna mchujo.

#28 Bingwa_wa_Historia
Turudi kwa Dada_Buti na nyumba yake. Timu ya Bereti za Kijani ni watu 12: maofisa wawili, sajini mkuu wa timu, mtu wa upelelezi, halafu wawili wawili wa silaha, uhandisi, tiba na mawasiliano. Na wanasomea lugha ya watu wanaokwenda kwao. Kazi yao ya asili ni kukaa na wenyeji na kuwafundisha. Angalia hapo kifua kinaingia wapi.

Halafu Delta. Beckwith, afisa wa jeshi la Marekani, aliianzisha 1977 baada ya kuishi na SAS mwanzoni mwa miaka ya 60 na kuona walivyo. Aprili 1980 wakapelekwa Iran kuokoa mateka. Helikopta 8 ziliondoka, 6 zikafika jangwani, moja ikaharibika pale pale, zikabaki 5 na hazikutosha. Wakati wa kuondoka helikopta ikagonga ndege ya mizigo, wakafa watu 8. Wale walikuwa watu waliochujwa kuliko wote. Walizuiwa na vumbi na mashine.

#29 Mke_wa_Afande
Nimesoma uzi wote. Mimi sikupita mchujo wowote, nilichujwa nikiwa nyumbani.

Mume wangu alikaa huko miaka 11. Namba yake ya simu nilikuwa naipiga nikijua imezimwa, ili tu nisikie inavyozimwa. Akirudi anaweka buti upande wa kulia wa kitanda, pua zimetazama mlango, kamba zimelegezwa. Mpaka leo amestaafu anaziweka hivyo. Ukizisogeza ukafagia, anaamka usiku anazirudisha bila kuwasha taa.

Kuruka na miamvuli kumemaliza magoti. Mwanetu wa miaka minne alimletea kiatu amfunge kamba. Akajaribu kupiga goti, likakataa. Akamwinua mtoto, akamsimamisha juu ya meza, akafunga amesimama. Mtoto akadhani ni mchezo. Sasa kila siku anataka kufungiwa viatu mezani.

Sikukatazi mwanangu Kinyonga. Uliuliza mlango, nimekuonyesha sebule.

#30 Komandoo_wa_Kochi
Mama, shikamoo. Nimekunja mkeka kidogo.

#31 Kinyonga_21
Wakuu asanteni wote, nimesoma mpaka macho yanauma. Mama nimekusikia.

Bado nataka kwenda. Nimepunguza vyuma, naogelea na mwenzangu akiwa ukingoni (Nesi usihofu). Nimetafuta shanta, nimeanza na kilo 10.

Na leo nimemrudia yule mzee. Nikamsomea sababu zenu moja moja: mguu, baridi, kutojua, damu. Nikamwuliza alimaanisha ipi. Hakujibu. Akaniambia vua viatu. Akakaa anaangalia miguu yangu, akaminya kidole gumba cha kushoto, akauliza, "Kucha unakata kwa nini mviringo?"

#32 Shanta_Nzito
AHAA! Nilisema mimi. MGUU!

#33 Mwanamaji_Mstaafu
Kucha si mguu.

#34 Shanta_Nzito
Iko wapi sasa, kwenye sikio?

#35 Nesi_wa_Kambi
Kata kwa kunyoosha, dogo, usichimbe pembeni. Ikimea ndani ya nyama, hiyo kilo 10 utaiona kama 40.

#36 Kinyonga_21
Ndiyo hivyo hivyo alivyosema. Kisha akanirudisha nyumbani peku.

#37 Nyuki_Mkali
Kilomita ngapi?

#38 Kinyonga_21
Hakuniambia.